Nyumba Yenye Bendera ya Nungunungu

Jumanne, 1 Oktoba 1996

Furaha imenizidi kimo na watu wa kuwasimulia wameniishia. Dada wa duka la dawa ameshanisikiliza mara nyingi, na leo aliponiona naingia alijificha nyuma ya rafu za dawa za kikohozi. Basi nitaandika.

Mimi ni Britta Kinnunen! Juzijuzi tu nilikuwa Britta Haugland wa Carver, binti wa Orrin fundi bomba. Sasa ni mke wa Wade, na naishi Port Adela, ng'ambo ya daraja. Wade anaendesha gari la kusukuma theluji la wilaya. Ana macho ya rangi ya ziwa asubuhi ya Juni, na akicheka kwanza hutingisha mabega, kicheko chenyewe kinafuata baadaye kama treni ya mizigo. Tulikutana kwenye mechi ya watani wa jadi. Yeye alikuwa anapuliza tarumbeta kubwa kwenye bendi ya chuo chao, mimi nikarusha andazi kumzomea, andazi likazama ndani ya tarumbeta. Alikuja kumtafuta aliyelirusha. Mpaka leo hajaacha kunitafuta, hata nikiwa jikoni.

Tunakaa kwa bibi yake, Bibi Lempi, mwenye miaka themanini na minne na ulimi wa miaka ishirini. Wade amenitengenezea meza ya kulia kwa mikono yake mwenyewe, pana, nzito, ya watu wanane. Naipangusa hata isipokuwa na vumbi. Kiti cha kichwani mwa meza nimekitenga. Ni cha baba. Baba amenilea peke yake tangu mama afariki, amenipikia viazi vya kuungua kwa miaka kumi na minne bila kulalamika. Ombi langu ni moja tu: baba aje ale mezani kwangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Msimu wa magongo ya barafuni umeanza, na amani imekwisha.

Asubuhi Bibi Lempi alipanda kwenye kiti barazani, akatundika bendera ya Nungunungu. Ni ya rangi ya chungwa, kubwa kama shuka, na katikati kuna nungunungu aliyekasirika. Hiyo ndiyo timu ya chuo cha Mtakatifu Alban, cha huku. Sisi wa Carver tuna chuo cha Thorsby na timu yetu ni Wachimbaji, kijani kibichi, rangi ya uhai. Nimesema "sisi". Nimeolewa, sijabatizwa upya.

Nilimpigia baba.

"Baba, njoo kesho. Napika nyama ya kulungu."

"Hiyo bendera ipo?"

"Ipo, baba."

"Basi mimi sipo."

"Baba!"

"Mwanangu, harusi nilikuja. Nililia kanisani, watu waliniona. Lakini mimi Orrin Haugland siingii nyumba yenye bendera ile. Iteremsheni, nakuja na suti."

Nilimwendea Bibi Lempi kwa adabu zote nilizofundishwa. Akanijibu huku anamenya viazi, "Mchimbaji mdogo, bendera ile hupanda mechi ya kwanza na hushuka mechi ya mwisho, Machi. Siku niliyomzika babu yake Wade ilikuwa inapepea, na marehemu hakulalamika."

Wade alinikumbatia akaniambia Machi si mbali. Mikono yake ina joto la mkate. Lakini Machi ni mbali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Theluji ya kwanza. Wade aliniamsha tuitazame dirishani. Sikuitazama sana.

Jumapili, 3 Novemba

Kiti cha baba kitupu. Bibi Lempi ameweka kikapu chake cha nyuzi za sufu juu yake. Nimekiondoa. Amekirudisha.

Jumapili, 17 Novemba

Watani wa jadi wamekutana mara mbili wikiendi hii, na ndoa yangu imepona.

Ijumaa ilichezwa kwetu Carver. Mimi na Wade tuna mkataba: Carver nakaa na baba kwenye kiti cha mama, Port Adela nakaa na mume wangu, lakini sweta yangu ni ya kijani popote. Tulishinda mabao manne kwa mawili. Uwanja mzima ulimwimbia kipa wao, "Chujio! Chujio! Chujio!" maana kila kitu kilimpita. Wade alikuwa kona ya wageni, mrembo hata katika huzuni. Nikampungia mkono.

"Unampungia nani?" baba akauliza.

"Rafiki."

"Rafiki gani anakaa upande ule?"

"Yule uliyenikabidhi kwake kanisani."

Baba alikohoa, akaelekeza hasira kwa refa.

Jumamosi ilikuwa zamu yao. Port Adela wakifunga bao la kwanza dhidi yetu hurusha samaki uwanjani, ndiyo mila yao. Samaki wazima, wa ziwani, wengine wameganda kama kuni. Wachezaji hukaa pembeni mpaka wavulana wenye makoleo wamalize kusafisha. Mimi nililelewa kuamini kwamba huo ndio ushenzi uliobaki duniani. Jana nilimwona Bibi Lempi akimtoa wake kwenye mkoba wa kanisani, amefungwa vizuri kwenye gazeti, akamrusha kwa mkono mmoja, samaki akatua karibu na lango. Nikajikuta nimepiga makofi. Baba alikuwa kona ya wageni na darubini yake. Naomba kwa Mungu kwamba yeye alikuwa anatazama barafu.

Tulifungwa matatu kwa moja. Sheria ya nyumba yetu: aliyeshindwa anaosha vyombo, aliyeshinda haruhusiwi kuimba. Wade aliimba. Nilimpaka povu masikioni.

Alhamisi, 28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Bata mzinga alitoka rangi ya dhahabu, na baba alikuwa peke yake Carver na mkate na nyama ya kopo. Sikugusa hata mnofu mmoja. Wade aliona. Alichukua sahani, akaipakia mpaka ikawa mlima, akaifunika, akawasha gari.

Tulimpigia baba tukutane darajani. Alisimamisha pikapu yake upande wa Carver, matairi ya mbele yakiwa ukingoni kabisa mwa mstari wa katikati, akateremsha kioo.

"Baba, haya si ni maudhi? Chakula kimetoka nyumba ile ile!"

"Chakula sina ugomvi nacho," alisema akipokea. "Ugomvi wangu ni na paa."

Akala pale pale, kioo wazi, upepo wa ziwa unampiga. Magari yalipita yakipiga honi. Akamtazama Wade kwa muda mrefu.

"Kijana, nani kapika mchuzi huu?"

"Mimi, mzee."

Baba akakomba sahani kwa mkate na kusema si mbaya, kwa Nungunungu. Wade alifurahi kana kwamba amepewa ng'ombe. Njia nzima ya kurudi alirudia, "Si mbaya, amesema si mbaya!" Nampenda mpaka meno yananiuma.

Jumamosi, 7 Desemba

Theluji siku nne mfululizo. Wade yuko barabarani. Nimevaa shati lake kufanyia usafi.

Jumatano, 25 Desemba

Baba aliacha zawadi kwenye sanduku la posta ukingoni mwa barabara, akapiga honi, akaondoka. Mimi glavu. Wade skafu ya kijani. Wade aliivaa mezani siku nzima. Bibi Lempi alimwambia aivue kabla hajapata upele.

Bibi huyu namwogopa kidogo kuliko zamani. Alinisimulia jinsi mwaka 1963 wanafunzi wa huku walivyolipaka daraja zima rangi ya chungwa, na watu wa Carver wakakataa kulivuka mpaka lipakwe upya, hata mkunga akawa anazunguka ziwa. Nami nikamsimulia jinsi wa kwetu walivyoiba nungunungu wao aliyekaushwa, nembo ya timu, wakamrudisha amenyonyolewa miiba yote kama kuku. Alicheka mpaka akashika meza.

"Nilimshonea kofia," alisema. "Maskini, alikuwa anaonekana uchi."

Jumatatu, 6 Januari 1997

Leo nimecheka na kulia kwa jicho moja.

Baridi ya usiku ilikuwa ya kuvunja misumari, na mabomba ya chini ya nyumba yakaganda. Wade kazini. Hakuna maji. Fundi wa Port Adela ana wateja mpaka Alhamisi. Nilimpigia baba, nikalia kidogo, kwa kweli nikalia zaidi kidogo ya nilivyohitaji.

Alifika upesi na mkoba wake wa kazi. Akasimama barabarani akiitazama bendera, nayo ikimtazama. Halafu akazunguka nyumba. Nikasikia sauti kutoka kwenye kile kidirisha cha chini, kilicho sawa na ardhi:

"Britta! Teremka na taa na kikausha nywele!"

Nikateremka chini ya nyumba. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye theluji, kiwiliwili chote nje, kichwa na mkono mmoja ndani ya kidirisha.

"Baba, si uingie tu!"

"Sijaingia."

"Kichwa kimeingia."

"Kichwa hakihesabiki. Shika kikausha nywele, anza kwenye bomba la shaba, taratibu, usikae mahali pamoja. Taratibu, nimesema! Unachoma mkate?"

Tulifanya kazi hivyo asubuhi nzima, yeye akielekeza, mimi nikipuliza. Bibi Lempi aliteremka na kahawa na mkate mtamu wa iliki. Alimwekea baba kipande mdomoni, kama unavyomlisha ndama kupitia uzio. Baba alitafuna. Hakuwa na njia nyingine.

"Mkate wako una iliki nyingi, mama," alisema hatimaye.

"Na mwanao ana akili nyingi. Sijui kazitoa wapi."

Maji yalipoanza kutiririka baba alijivuta nje kwa kurudi nyuma, ndevu zimeganda. Nilimwona kupitia kidirisha akijipangusa magoti, nikafikiri: huyu ndiye mtu niliyemwona mkubwa kuliko wote duniani. Bado ni mkubwa. Ila kumbe ni mtoto pia.

Jumapili, 19 Januari

Nimeharibu kila kitu. Hapana, samaki ameharibu kila kitu.

Leo Bibi Lempi ametimiza miaka themanini na mitano. Niliona nafasi. Nikakodi ukumbi wa kanisa ulio mguuni mwa daraja, upande wa Carver, mahali pasipo na bendera yoyote. Baba akakubali kuja. Akaja na tai! Akampa Bibi Lempi mkono, akamletea jamu ya matunda ya porini. Wakaketi karibu. Wakaongea habari za mabomba, za magoti, za marefa wasioona. Nilimminya Wade mkono chini ya meza mpaka akasema vidole vimekufa.

Kisha keki ikakatwa, na mtu mmoja wa kanisani, Mungu amsamehe, akasema, "Bibi Lempi, tusimulie ile ya samaki!"

Wade alianza kukohoa. Sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa.

"Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa," akaanza bibi, na macho yakamng'aa. "Tumefunga bao. Mimi nina samaki wangu, mrefu kama mkono, ana meno, amelala nje siku mbili amekuwa kama gongo. Nikarusha. Lakini nilikuwa nimevaa glavu za sufu, akaniteleza, akaenda kulia, kona ya wageni. Kulikuwa na kijana mmoja wa kijani amesimama anatukana. Samaki akamfika hapa!" Akajipiga katikati ya macho. "Paa! Miwani vipande viwili. Mdomo ukafunga. Ndiyo mara pekee katika historia Mchimbaji amenyamaza!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilimtazama baba. Alikuwa amevua miwani na anaifuta. Anaifuta. Anaifuta. Nilipokuwa na miaka sita alirudi nyumbani usiku na plasta katikati ya macho, akamwambia mama amegongwa na mlango.

Akavaa miwani yake.

"Mama," alisema, "kijana yule alikuwa na mke na mtoto na miwani mipya."

Watu wakaweka uma chini.

"Ni wewe?" Bibi Lempi aliinama amtazame vizuri. Ningempigia magoti aseme pole. Neno dogo tu. Lakini bibi huyu! "Umekua," alisema.

Baba akachukua koti. Nilimkimbilia mpaka nje.

"Baba, ni miaka kumi na minane!"

"Na kila mwaka nimejiuliza ni nani. Nilidhani ni mwanafunzi, mlevi. Kumbe ni kikongwe wa kanisani! Mwanangu, sasa si bendera tena. Hata ikishuka Machi, siji."

Pikapu ikaondoka.

Nimemuuliza Wade kama alijua. Alijua hadithi, hakujua uso. Nimemwamini. Nimelala upande wangu, yeye wake, katikati pametosha samaki.

Jumatano, 22 Januari

Bibi Lempi anasema hawezi kuomba radhi kwa sababu hakukusudia. Baba kwenye simu anasema hataki radhi, kisha anauliza kama ameomba.

Alhamisi, 30 Januari

Wade ameniletea maua. Njiani yaliganda, yakavunjika kama glasi. Nimeyaweka kwenye chungu hivyo hivyo.

Jumapili, 2 Februari

Kiti. Kikapu cha sufu. Leo sikukiondoa.

Ijumaa, 14 Februari, siku ya wapendanao

Asubuhi Wade alisukuma theluji ya uwanja wa shule akaiacha katika umbo la moyo. Mwalimu mkuu alipiga simu wilayani kulalamika. Mimi nilisimama kwenye uzio nikalia.

Jioni, mechi Carver. Nilikwenda kwenye kiti changu karibu na baba. Alikuwa ameweka chupa ya chai katikati yetu kama ukuta. Hakuniambia neno. Lakini mechi ilipoanza alisimama akapaza sauti:

"Refa! Mwambie aliye karibu yangu avae kofia, atapata mafua!"

Nikavaa kofia. Nami nikasimama:

"Refa! Mwambie jirani yangu nimemkumbuka!"

"Refa! Mwambie aliyekumbuka anajua ninapoishi!"

"Refa! Mwambie nami nina nyumba, na ina meza!"

Watu wa mistari ya mbele waligeuka. Refa mwenyewe alitutazama. Baba aliketi, akaikumbatia chupa yake. Tulishinda, sikufurahi.

Jumapili, 16 Februari

Lazima niandike ya jana kabla sijasahau hata neno moja.

Mechi ya marudiano hapa Port Adela iliwekwa saa nane mchana kwa sababu redio ilitangaza dhoruba. Baba alivuka kuja, maana tangu nizaliwe hajawahi kukosa hata moja. Ilikuwa sare, tatu kwa tatu, dakika za nyongeza zikaisha bila mshindi, na watu wakatoka uwanjani wakinung'unika bila mtu wa kumcheka. Nje hapakuwa na nje. Kulikuwa na weupe tu unaokwenda ubavu. Polisi walikuwa wamefunga daraja.

Hoteli ya Port Adela ni moja na kapeti yake ni ya rangi ya chungwa. Baba hakwenda. Alikuja kwa mwendo wa kobe mpaka mbele ya nyumba yetu, akasimamisha pikapu ukingoni mwa barabara, akaacha injini inanguruma, akakunja mikono. Nikatoka.

"Baba, ingia."

"Nimekuja kuhakikisha paa lenu halijaanguka. Halijaanguka. Nitalala hapa."

"Utaganda!"

"Nina blanketi."

Wade akapita na gari lake la theluji, zamu yake ya mwisho. Akaenda, akarudi. Alipomaliza, pikapu ya baba ilikuwa imezikwa mpaka kwenye vioo. Wade anaapa hakukusudia. Mimi mke wake, ninamwamini. Ila alikuwa anapiga mluzi.

Moshi wa injini haukuwa na pa kutokea, ikabidi baba azime na kujichomoa kupitia dirishani. Akabaki amesimama juu ya kichuguu cha theluji, kofia ya kijani masikioni. Bibi Lempi akatokea barazani, chini ya bendera yake.

"Ingia ndani, kichwa kigumu! Utakufa!"

"Nitakufa na msimamo wangu!"

"Msimamo utakuzika? Ardhi imeganda! Tutakuweka ghalani mpaka Mei, kati ya plau na viazi!"

"Afadhali viazi! Viazi havirushi samaki!"

Wade alishuka garini, akatembea katikati yao taratibu kama mtu anayetenganisha mbwa. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi tunawasha kuni za sauna, ile nyumba ndogo ya magogo huko uani, tuoge kwa mvuke. Moshi ulikuwa tayari unapanda.

"Mzee," alisema, "sauna imepata moto. Sauna si nyumba. Ina mlango wake, ina paa lake."

Baba alipangusa theluji kwenye miwani. "Ina bendera?"

"Ina kuni tu."

Baba aliitazama sauna. Akanitazama mimi. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Paa lake lenyewe?"

"Lake lenyewe, mzee."

Wakaenda.

Nilisimama jikoni na sufuria ya nyama ya kulungu, na moyo wangu ukafanya hesabu haraka kuliko kichwa. Kama baba haji mezani! "Bibi," nikasema, "shika huku."

"Nishike nini?"

"Meza."

Alinitazama. "Meza ya mbao, kwenye mvuke? Mtoto, mbao itakunywa maji..."

Sikumsikia. Siku nyingine nitajifunza kumsikia bibi huyu. Tuliitoa kwa mlango wa nyuma, tukaipindua, miguu juu, tukaweka sufuria katikati ya miguu, na sahani, na mkate wa iliki, na kiti cha baba, tukaivuta juu ya theluji kama kigari cha watoto. Bibi wa miaka themanini na mitano alisukuma kwa nyuma akitukana kwa Kifini. Upepo ulibeba kitambaa cha meza mpaka kwa jirani. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa mwembamba, nikautoa kwenye bawaba zake kwa bisibisi, mimi ni binti wa fundi, tukaipitisha meza kwa ubavu, tukaurudisha mlango. Ndani ya chumba cha mvuke nilisikia sauti ya maji kwenye mawe moto, na baba akisema, "Ongeza. Ongeza, kijana. Carver hatuogopi."

Walitoka wamejifunga taulo, wekundu kama bitiruti. Baba hakuwa na kofia, hakuwa na sweta, hakuwa na rangi yoyote isipokuwa ile ya kuchemka. Akaiona meza. Sahani nne. Kiti chake kichwani.

"Hii ni nini?"

"Ni meza yangu, baba," nikasema.

Baba akapitisha kiganja juu ya mbao. Kisha Bibi Lempi akafungua sufuria, mvuke mwingine ukapanda.

"Orrin," alisema, mara ya kwanza kumwita jina, "kwa yule samaki nilikuwa namlenga kipa wenu. Sikukulenga wewe. Wewe hata sikukuona."

"Na miwani yangu?"

"Ilikuwa mibaya. Hata samaki aliona."

Theluji ilikuwa inagonga ukuta. Mabega ya baba yakaanza kutingishika. Nikadhani ni baridi, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka mbali sana, kutoka mwaka wa sabini na tisa, na kilipofika alishika taulo kwa mikono miwili.

"Kweli ilikuwa mibaya," alisema akipangusa macho. "Mama yake Britta ndiye aliyeichagua."

"Basi pole kwake," Bibi Lempi alisema. "Na pole kwako. Kidogo."

"Kidogo inatosha."

Akaketi. Akala sahani mbili, akaomba mchuzi. Akamwambia Wade, "Mkwe, nisogezee chumvi," na Wade akaisogeza chumvi kwa mikono yote miwili kama mtu anayebeba yai la ndege adimu. Mimi sikula. Nilikuwa natazama.

Alilala huko huko kwenye benchi la sauna, asubuhi akaondoka daraja lilipofunguliwa.

Jumatatu, 17 Februari

Meza haitoki saunani. Mbao imekunywa mvuke ikavimba. Tumejaribu kwa ubavu, kwa miguu, kwa sabuni. Bibi Lempi amesimama pembeni na hajasema "nilikwambia". Analiimba puani tu, kama wimbo.

Jumamosi, 1 Machi

Sasa baba anakuja kila Jumamosi. Anapita mbele ya baraza ametazama chini, anakwenda moja kwa moja nyuma. Yeye na Bibi Lempi hugombana juu ya kiasi cha maji ya kumwaga kwenye mawe. Baba amemletea darubini kama yake.

Jumapili, 9 Machi

Nungunungu wametolewa. Sisi tulitolewa wiki iliyopita, sikuwa na nguvu za kuandika. Bibi Lempi amepanda kitini, ameishusha bendera, ameikunja, ameibusu. Sikumcheka. Nilishika kiti kisiyumbe.

Jumapili, 16 Machi

Mchana mlango wa mbele uligongwa.

Hakuna anayegonga mlango wetu wa mbele. Wade alifungua. Baba alikuwa amesimama barazani, amevaa suti ya harusi, nywele zimelowa na kuchanwa, jamu mkononi. Aliinua macho akautazama mlingoti mtupu wa bendera kwa makini, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha akapangusa viatu, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, akavuka kizingiti.

Baba ameingia nyumbani kwangu! Nilimvua koti. Nilimwonyesha mapazia. Nilimwonyesha bomba la jikoni, akalifungua na kulifunga, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akatazama sebuleni, kushoto, kulia.

"Mwanangu," alisema, "tunakula wapi?"

Viti vinne vilikuwa vimezunguka pahali patupu.

Wade ndiye aliyeanza. Mabega kwanza. Halafu Bibi Lempi, halafu baba, halafu mimi, mpaka nikakaa sakafuni na bakuli la viazi mikononi. Tulivuta viti vyote vinne karibu, magoti yakagusana, tukala na sahani mapajani. Baba alimwaga mchuzi kwenye mto wa rangi ya chungwa wa Bibi Lempi. Aliomba radhi mara moja, kwa adabu kubwa, na sisi wote watatu tulimtazama usoni kwa muda mrefu, na hakuna aliyeweza kujua kama alikusudia.